Mtihani ni mwezi wa nne: siku yangu moja Temeke

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya adhana. Ni Juni, na kwa sisi wa Dar hiki ni kibaridi cha kujifunika shuka mbili, kwa hiyo najua leo nitaambiwa sana, "Magoti yamekamata, dokta, ni hii baridi." Nakunywa chai, natia daftari kwenye begi pamoja na vipande vya tyubu ya baiskeli vya kuvuta kwenye mazoezi, nilivyokata jana, natoka Mbagala kuwahi gari kabla watu hawajawa wengi kituoni.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Nilisomea hospitali ya KCMC kule Moshi, na huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Wengi ninaowahudumia wana shida za maungio: magoti na nyonga zilizosagika, vidole vya baridi yabisi. Kumfundisha mtu mazoezi huchukua nusu saa. Kinachonikosesha usingizi ni kama atakuwa bado anayafanya Juni ijayo.

Saa 12 na nusu. Nimeshuka Kwa Aziz Ali, nimetembea hadi viwanja vya Mwembe Yanga. Leo wamekuja 14, kanga mabegani, raba miguuni, na mzee mmoja na ndala zake ambazo nimeshamwomba aziache nyumbani. Shikamoo, marahaba, tunaanza kuzunguka. Mwendo wetu ni ule unaokuruhusu kuongea lakini kuimba huwezi. Bibi anayetembea mbele ana miaka 71, na kila mzunguko anapunga mkono kwangu kama vile hajaniona siku nyingi.

Mzee mgeni anakuja na mkongojo ameushika mkono wa kulia, goti bovu likiwa la kulia vilevile. Karibu kila mtu huanza hivyo, kwa kuwa mkono hukimbilia upande unaouma. Nauhamishia kushoto, namwambia mkongojo na mguu mbovu viende pamoja. Hatua nne za kwanza anachanganyikiwa, ya tano anasimama, anageuka kunitazama: "Kumbe!"

Kundi hili lilikuwa na wazo lake lenyewe, mimi sikulitoa. Mtu akikosa siku mbili mfululizo, anayekaa naye jirani anapitia kugonga hodi. Hakuna dawa niliyowahi kuiona ikifanya kazi kama hodi hiyo.

Saa 2 asubuhi. Kituoni, kazini kwangu. Wa kwanza ni mama anayekaanga samaki soko la Feri, ana miaka 52, magoti yote mawili. Anakaa kwa kujishusha taratibu huku ameshika meza. "Dokta, nimeambiwa ute wa magoti umekwisha. Nakula bamia kila siku, na supu ya kongoro Jumapili."

Simcheki. Bamia ni mboga nzuri na aendelee nayo, ila ute wake unaishia tumboni. Ute wa goti hutengenezwa na utando unaolizunguka goti lenyewe. Kwenye ncha za mifupa kuna gegedu, ule mfuniko laini unaoteleza, na gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo chakula chake hakiji kwa damu kama kwenye nyama. Kwa hilo nina dodoki kwenye beseni dogo la maji. Nikampa alibane, maji yakatoka. Akaliachia majini, likanyonya. Abane, aachie. "Gegedu lako linakula hivyo," nikamwambia. "Ukikanyaga linabanwa, ukiinua mguu linanyonya ute. Ukikaa siku nzima bila kusogea, linashinda na njaa." Akalibana lile dodoki kama mara sita zaidi, kimya. Nilimwacha.

Kisha tukapima. Kiti, mikono imekunjwa kifuani, inuka na kaa kwa sekunde 30. Amepata mara 7. Ni chache kwa umri wake, na sababu kubwa iko kwenye misuli ya paja, ambayo ndiyo hulibebea goti uzito. Misuli hiyo hujengeka hata ukiwa na miaka 80.

"Utafanya saa ngapi?" nikauliza. Hana saa. Anatoka nyumbani usiku, anarudi jioni amechoka. Tukaipitia siku yake yote, tukapata upenyo mmoja: anaposubiri mafuta yachemke kabla ya kutia samaki. Hapo huwa anakalia ndoo iliyopinduliwa, ambayo ni fupi mno. Ataweka kreti mbili, na kila karai jipya atainuka mara 5 bila kujishika. Kwa siku ana makarai kama manane. Hesabu mwenyewe.

Nilimweleza na kipimo cha maumivu. Kutoka 0 hadi 10, yakifika 5 wakati wa zoezi sio hatari, mradi yale yaliyoongezeka yawe yametulia ndani ya saa 24. Yasipotulia, kesho apunguze idadi, asiache. Watu wengi wanaacha kwa kuamini kuwa kila kinachouma kinazidi kuharibika, na hakuna aliyewahi kuwaambia vingine. Tukagusia uzito, kwa adabu, kwa kuwa ameshasemwa vya kutosha: kila kilo moja inayopungua, goti linapunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua. Hilo lilimfurahisha. Alikuwa amefikiri anatakiwa apungue kilo 30 ndipo aone nafuu.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 za kuchangamsha mwili kwa wiki, hata mwenye ugonjwa wa kudumu. Namba hiyo naijua na naiamini, lakini siku ya kwanza siitaji. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpa mama mmoja karatasi yenye mazoezi 10, na michoro. Alirudi baada ya miezi mitatu nayo ikiwa kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa pamoja na cheti chake cha ubatizo. Alikuwa ameitunza kuliko ilivyostahili. Zoezi hakufanya hata moja, maana hakujua aanzie lipi. Tangu siku hiyo natoa mazoezi mawili, mtu akizoea naongeza la tatu.

Saa 4. Bibi wa baridi yabisi. Huyu ugonjwa wake ni mwingine kabisa, kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia maungio, na wanawake hupatwa zaidi. Mwanzoni alikuja akisema vidole vya mikono yote miwili vinakakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, vimevimba, vina moto. Sikumpa zoezi lolote siku ile kabla ya kumpeleka kwa daktari, kwa sababu ugonjwa huu ukicheleweshewa dawa hula mifupa. Sasa anatumia dawa zake, na kazi yangu ni kumfanya asiogope siku nzuri wala asijilazimishe siku mbaya. Leo ni siku mbaya kidogo: vidole tunavinyoosha tu kwenye maji ya uvuguvugu, ila miguu inatembea kama kawaida. Kukuna nazi amemwachia mjukuu. Kukanda unga wa chapati hajaacha, na sijamwambia aache.

Saa 5. Mzee anayeswali akiwa kwenye kiti mwaka wa pili sasa. Anataka kusujudu chini, na anataka kabla ya Ramadhani. Hilo ndilo lengo lake, nimeliandika kwenye faili kwa maneno yake. Leo tumeshuka kwenye mkeka kwa kupitia kigoda, goti moja, kisha la pili, mikono mbele. Kushuka ameweza. Kuinuka nimemshika kiuno. Aliposimama alitweta, akakaa kimya, kisha akasema, "Mara ya mwisho nilipofika chini, nilikuwa nimeanguka." Tumefanya mara moja tu. Ilitosha.

Saa 7. Wali, maharage, mchicha. Nimeswali.

Saa 8 mchana. Simu. Saa hii nimeipigania. Kituo nilichokuwa zamani walihesabu wagonjwa wanaoingia mlangoni, na kumpigia aliyekwisha kuondoka kulionekana ni kupoteza muda wa kazi. Denmark wana mpango wa watu wenye magoti na nyonga zilizosagika tangu 2013: wanafundishwa ugonjwa wao, wanafanya mazoezi ya kusimamiwa mara 2 kwa wiki kwa wiki 6, kisha wanafuatiliwa baada ya miezi 3 na baada ya mwaka. Hapo kwenye mwaka ndipo nilipovutiwa. Mimi napiga wiki ya 2, mwezi wa 2, wa 4, wa 6 na wa 12.

Daftari langu linasema mwezi wa nne tangu mtu aanze mazoezi ndio mtihani. Wiki ya sita mtu anajiona ana nguvu, nyumbani wanamsifu. Ukifika mwezi wa nne, sifa zimeisha. Kumeingia msiba, harusi, mvua imejaza tope njiani, mjukuu aliyekuwa akimsindikiza amerudi shule. Au maumivu yamepungua, akasema amepona.

Mama wa Keko ameacha tangu Aprili. Alifiwa na dada yake, akakaa chini kwenye mkeka siku saba, magoti yakavimba, kisha akaona aibu kurudi kwangu. Aibu! Nilimpa pole kwanza, ya msiba, na tukauzungumzia msiba kwa muda. Mwishoni nikamwomba leo ainuke kwenye kiti mara 3, akiwa jikoni. Aliyeacha mazoezi miezi miwili harudi pale alipoachia, anaanza na nusu, au chini ya nusu.

Dereva wa bajaji wa Yombo alipona, akaacha, yakarudi. Nikamuuliza kipi alikuwa akikiweza Machi ambacho leo hakiwezi. Akafikiri. "Kuchuchumaa kuosha tairi." Basi tumekubaliana tairi ndilo tunalolitafuta.

Wa tatu ni mzee wa cherehani, Tandika. Simu yake haipatikani, wiki ya tatu sasa. Februari alikuwa ameinuka mara 14 kwa sekunde 30, na alikuwa na bidii ya kuniaibisha. Huyu ameniingia moyoni siku nzima.

Saa 10 jioni. Wagonjwa wawili wa mwisho, mambo ya kawaida.

Saa 11 na nusu. Badala ya kwenda kituo cha gari nimepita Tandika. Kibanda kimefungwa, kufuli lina vumbi. Nimesimama pale na moyo umeshuka. Fundi wa jirani akainua macho kwenye kitambaa chake: "Unamtafuta mzee? Yuko kwao Kibiti, anamuuguza ndugu yake. Simu ilimwangukia majini. Anarudi Ijumaa."

Nikashukuru, nikageuka niende. Akaniita tena.

"Wewe ndiye dokta wa magoti? Ule mpira wake wa baiskeli aliokuwa akiufunga kwenye mguu wa cherehani na kuuvuta, kaondoka nao."

Saa 2 usiku, nyumbani. Nimeandika: Ijumaa, Tandika.