Panga la msibani

Desemba 2007 nilikuwa likizo kwa bibi, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Jirani alifiwa, nikatumwa kusaidia kukata ndizi za kupikia waombolezaji. Nilipomaliza, panga la pale lilikuwa kali kuliko letu, nikaomba kwenda nalo. Jioni hiyo nikaingia kibanja cha bibi nikakata machipukizi yaliyozidi, mgomba hadi mgomba, toka uani mpaka inapoanzia rweya, yaani mbuga ya nyasi. Bibi alinisifu sana.

Asiyekijua kibanja cha Mhaya atadhani ni shamba tu. Nyumba imo humohumo ndani, migomba imeifunika, kahawa iko chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, na makaburi ya wazee pembeni. Kibanja cha mtu kinagusana na cha mwenzake, mpaka ni mstari wa mimea tu.

Januari majani yakaanza kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Tukasema jua. Kisha mkungu mmoja ukaiva kabla ya wakati. Bibi alipomenya ndizi, ndani ilikuwa ya kahawia, kama iliyooza.

Bwana shamba alipokuja hakusema mengi. Alikata shina, akangoja. Ute wa njano ukachuruzika kama usaha.

"Nani alikata machipukizi humu?"

"Huyu mjukuu wangu," bibi akajibu, bado kwa fahari.

Akatueleza kuhusu mnyauko, ugonjwa wa migomba. Ulianza kujulikana Ethiopia kwenye enseti, jamaa ya mgomba. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, kisha ukafika kwetu. Wadudu huubeba wanapofuata utomvu wa lile ua la kiume linaloning'inia chini ya mkungu, ndiyo maana ua hilo huvunjwa kwa kijiti chenye panda, wala halikatwi. Miche ya kupeana huubeba. Panga pia, lisipopitishwa motoni. Mimi nilikuwa nikihesabu kichwani umbali wa kutoka Uganda. Kumbe toka kwa jirani hadi kwetu ni hatua hamsini, na nilizitembea mwenyewe. Sikusema kwamba panga lilikuwa la msibani.

Tuling'oa kwa siku tatu, shina na machipukizi yake yote. Kahawa ikabaki uchi juani, na kwa mara ya kwanza nikaiona barabara nikiwa nimesimama mlangoni. Tukaambiwa tusipande migomba kwanza, tupande maharage na viazi vitamu. Usiku bibi alikula mihogo akasukuma sahani: "Nimeshiba, lakini sijala."

Siku ya kurudi shule mtoto wa jirani akapiga hodi. "Shikamoo bibi. Mama anaomba panga."

Maisha yake yote bibi hakuwahi kumnyima mtu panga. Alilitazama pale lilipochomekwa, mpini umeungua kwa kulipitisha motoni kila mara, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Marahaba," akamjibu mtoto. "Mwambie mama panga la hapa halitoki."