Siku yangu na milango 14 ya fomaika

Saa 1 asubuhi. Kabla ya kugusa milango ya mteja naanza na kibao cha majaribio nilichokipaka wiki iliyopita. Kwa wembe nakata mistari 6 ya wima na 6 ya kulala, nabandika selotepu, navuta, nione kama rangi itang'oka. Vijimraba vyote 25 vimebaki. Haya, tuendelee.

Saa 2. Kuosha. Watu hudhani kazi yangu ni kupuliza rangi, kumbe nusu ya siku nimeshika sponji. Uso wa fomaika ni karatasi ya mapambo iliyoloweshwa gundi ya melamini, ikakandamizwa kwa joto hadi ikawa ngumu kama sahani. Chini yake zimo karatasi za kahawia zenye gundi ya fenoli. Mbao hunywa rangi. Uso huu haunywi kitu. Formica yenyewe, mwaka 1912, ilibuniwa iwe kihami cha umeme (kitu kisichopitisha umeme) badala ya ulanga, yaani mica, nani alifikiria rangi? Kwa hiyo mafuta kwanza, msasa baadaye. Ukitanguliza msasa, unayasukumia mafuta ndani ya mikwaruzo.

Saa 4. Msasa namba 220, mkono mwepesi, mng'ao ufe tu. Kijana ninayemfundisha alikazana pembeni mpaka kahawia ikachungulia.

"Fundi, nimeharibu?"

Hapana, rangi itafunika. Ila asirudie.

Saa 6. Praima, rangi ya chini ya kushikiza. Mlango wa 9 ukanitia aibu: praima ilikimbia ikaacha vishimo vya mviringo, kama maji juu ya jani la mgomba. Naujua ugonjwa huo. Ni silikoni, mara nyingi ya polishi ya fanicha. Kuongeza koti, yaani tabaka jingine, juu yake ni kujidanganya. Tukaifuta kwa thina ingali mbichi, tukaosha mara mbili, kila mara kitambaa kipya, maana kilekile kinaisambaza tu.

Saa 10 jioni. Rangi ya juu: poliurethani ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha. Navaa barakoa ya vichujio, si ya kitambaa: hadina ina kemikali iitwayo isosianeti, na hiyo inaweza kukuachia pumu. Ukishachanganya hakuna mapumziko, rangi inaganda koponi. Koti 2 nyembamba.

Saa 12. Milango 13 imelazwa. Wa 9 bado uko kwenye praima. Mteja kapiga simu, anataka kufunga vitasa kesho. Nikamwambia kesho itakuwa kavu kwa kidole tu, kukomaa ni siku kadhaa. Na ile polishi, tafadhali, aiache.

"Polishi gani?" akauliza.