Nilivyopata kazi ya kwanza ya kurusha ndege ya mizigo Wilson, na mizani ya watu wa skrapu

Juzi kijana wa mtaa wetu amemaliza shule ya urubani akaniuliza mimi nilipataje kazi, nikamwambia keti kwanza, maana nikikumbuka ushauri niliopewa nashikwa na hasira mpaka leo. Pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo Nairobi, kila mtu ana wimbo mmoja tu: "Ongeza masaa," yaani masaa ya kurusha ndege. Haya, nitayaongeza wapi na hakuna mtu wa kunipa ndege? Mwingine atakuambia ununue reting, kibali cha kurusha ndege kubwa, kwa pesa yako, halafu ukimuuliza yeye alinunua, anaangalia simu.

Habari ya leseni sitaeleza, ni shule, mitihani ya KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), medikali, yaani cheti cha afya ya rubani, basi. Pesa iliyoenda ni kama milioni tatu, ama tatu na nusu, sijawahi kupiga hesabu ya mwisho kwa sababu naogopa. Mama aliuza ploti ya Kitengela, mjomba akaongezea, na hiyo ploti inazungumziwa kila Krismasi tukikaa mezani. Nilimaliza mwisho wa 2019 nikiwa na masaa 210, nikajiona mimi ndio mimi.

Nikaanza na CV. Nilichapisha arobaini kwa saiba moja Nairobi West, karatasi nzito ya rangi ya maziwa, si zile za kawaida. Nikavaa shati jeupe na zile mistari za mabegani, mistari mitatu, ambayo hakuna kampuni duniani ilikuwa imenipa, nilijinunulia mwenyewe. Nikatoka Madaraka kwa miguu. Si mbali, lakini kufika geti la Wilson vumbi la Lang'ata Road na matatu za Rongai vilikuwa vimelifanya shati rangi ya chai. Askari akaniangalia kutoka viatu mpaka mabega, akanipigia saluti kabisa. "Habari ya asubuhi kapteni. Pasi?" Sina. "Basi kapteni simama kando kidogo, gari ipite." Gari yenyewe ilikuwa pikapu ya vifaranga vya siku moja. Vifaranga wakaingia wakilia piu piu, kapteni amesimama kando na bahasha yake.

CV nyingi niliziacha hapo getini, askari akaahidi atazipeleka. Wiki mbili baadaye nimenunua njugu za shilingi ishirini hapo nje, kumaliza nikafungua karatasi nikakutana na jina langu na masaa 210 yamelowa mafuta na chumvi. Mama wa njugu akaniambia hizo karatasi ni nzuri sana, hazipasuki, kama niko na zingine nimletee.

Intavyu nilipata moja tu. Mzee mwenye miwani, ofisi ndogo nyuma ya hanga, kalenda ya miaka miwili iliyopita ukutani. Mimi nimekesha nikisoma injini ya PT6 mpaka najua kila mrija. Mzee hakuuliza injini. Aliniuliza, "Kijana, hapa panaitwa Wilson. Wilson ni nani?" Nikajibu kwa ujasiri ati ni mzungu mmoja alikuwa rubani wa vita. Akavua miwani. "Ni mama. Florence Kerr Wilson. Alianzisha Wilson Airways 1929, hujui hata mlango unaobisha ni wa nani." Halafu akauliza, "Gunia la kilo arobaini unaweza kulibeba?" Nikacheka, nikidhani sasa tumefika kwa utani. Nikamwambia, "Mzee, mimi ni rubani." Akafunga faili. Hata chai haikuletwa.

Machi 2020 Korona ikaingia, ndege zikalala, na mwezi huo huo Somalia ikafungia miraa yetu, kwa hivyo hata zile ndege ndogo zilizokuwa zinategemea miraa zikakosa kazi. Nikauza mayai. Miaka miwili, trei kwa trei, na mtaani wananiita "pailoti wa mayai". Hapo katikati kuna jamaa alijitokeza ati ana mtu ndani, nimpe 150,000 na kazi iko. Ningependa kusema nilikataa kwa sababu mimi ni mtu wa maadili, ukweli ni kwamba sikuwa nazo. Ila kitu kimoja nilifanya ambacho najipongeza: kila mwaka nilirudia medikali yangu kwa pesa ya mayai, na mama akisema ni wazimu. Usiache medikali ikufe hata kama unalala njaa, utaona mbele kwa nini.

Julai 2022 Somalia ikafungua tena, na kwa maneno ya maloda, wale wapakiaji mizigo, Wilson ilikuwa imefufuka. Sasa nikakumbuka swali la gunia. Nikaenda kwa kampuni nyingine, ndogo, yenye Caravan mbili tu, zile ndege ndogo za injini moja, nikaenda bila mistari mabegani, nikaomba kazi ya kuandika hesabu ya magunia na kusaidia kupakia. Mia saba kwa siku, siku zingine mia nane. Logibuku, kitabu cha masaa yangu ya kuruka, na leseni nilikuwa natembea nazo kwa begi, ndani ya karatasi ya nailoni, chini ya chapati.

Wiki ya kwanza karibu nifukuzwe. Caravan, kwa ambaye hajaiona karibu, mlango wake wa mizigo uko kushoto huku nyuma, na magurudumu makubwa yako chini ya tumbo, kwa hivyo ukirundika vitu nyuma ndege inakaa kitako kama mbwa. Ndiyo maana kuna chuma fulani cha kusimamisha chini ya mkia kabla hujagusa gunia hata moja. Mimi hesabu ya uzito wa ndege na unavyogawanywa mbele na nyuma nilipita kwa alama za kujivunia, najua fomula zote. Siku hiyo pikapu imechelewa, dereva anapiga honi, nikataka kuonyesha maloda kwamba na mimi niko na nguvu, nikaanza kurusha magunia ndani, moja, mbili, tano, yote hapo hapo mlangoni. Loda mmoja akasema pole pole, "We pailoti wa mayai." (Walikuwa wamejua.) Nikageuka kumjibu. Nikaona gurudumu la mbele limeanza kuacha ardhi. Taratibu, bila kelele, pua inaenda juu kama mtu anayetafuta mwezi. Watu sita tukarukia shingo ya ndege tukaning'inia huku mwingine anavuta magunia nje, na kapteni mkuu akatoka ofisini na kikombe cha chai, akasimama, akanywa chai yote, akarudi ndani. Hakusema neno. Chuma cha mkia kilikuwa futi tatu kutoka mguu wangu.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuangalia magunia kuliko mwenye miraa. Na ndipo nikagundua kitu. Safari ya Mandera ni karibu saa tatu angani, ukijaza mafuta ya kutosha na akiba, Caravan yetu ilibakisha kama kilo elfu moja za mzigo. Magunia ishirini na tano ya kilo arobaini, hesabu imekaa. Lakini ilikuwa Novemba, mvua inanyesha Maua usiku kucha, pikapu zinafika asubuhi zikitiririka, na miraa inafungwa kwa majani ya migomba na kuwekwa kwa magunia ya katani, na katani inakunywa maji kama ngamia. Kwa gunia imeandikwa 40. Mgongo wangu unasema hapana. Na Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, jua likishatoka ndege inahema, si mahali pa kubeba uzito usioujua.

Nikaenda Gikomba nikanunua ile mizani ya kuning'iniza ya watu wa skrapu, elfu mbili na kitu baada ya kubishana. Asubuhi nikaifunga kwa chuma cha hanga. Gunia la kwanza 46. La pili 45. La tatu 47, na linachuruzika. Nikapima yote ishirini na tano nikiandika kwa kalamu mkononi kwa sababu karatasi zimelowa, jumla 1,150. Nikaenda kwa kapteni mkuu nikamwonyesha mkono.

Akasema, "Pima tena nikiona." Tukapima. Magunia manne yakashushwa. Mwenye miraa alikuja juu, Kimeru na Kiswahili kwa pamoja, na ninamuelewa, mzigo wake ukikaa siku mbili ni majani tu ya mbuzi. Alisema mizani imeharibika. Akashika ile kulabu akajipima mwenyewe, ikasoma 71, akanyamaza kidogo, halafu akasema lakini nimekonda.

Ndege ilipoondoka kapteni akaniita. "Ulijuaje?" Nikamwambia, mgongo. "Ulisomea wapi?" Hapo ndipo nikatoa chapati, nikatoa nailoni, nikamwekea leseni mezani. Akaangalia medikali tarehe, ilikuwa imebakisha miezi saba. Kama ingekuwa imeisha hadithi ingeishia hapo, na ningerudi kwa mayai.

Hakuniajiri siku hiyo, msidhani ni sinema. Nilikaa miezi mingine mitatu nikiandika magunia, nikilipwa mia nane sasa kila siku, mpaka mteja mmoja akataka marubani wawili kwa safari zake na kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, kikahitaji mtu. Kapteni akaniambia, "Ningekuchukua kitambo, shida ni wewe ni mzigo." Nikafikiri ananitukana. Akaelekeza kidole kwa mizani. Nikaning'inia kwa ile kulabu mbele ya maloda wote, miguu imekunjwa, na wao wanasoma kwa sauti: sabini na nane. Yaani nikipanda, karibu magunia mawili yanabaki chini.

Kozi na mtihani wa angani vilienda sawa. Mshahara wa kwanza ulikuwa mdogo kuliko wa dereva wa pikapu wa Maua, mama aliuliza mara mbili kama nimesoma vizuri. Wale wa "ongeza masaa" sasa wananipigia wakiuliza kama kuna nafasi.

Mwenye miraa mpaka leo haniiti kapteni, ananiita Magunia Mawili. Na mizani bado imening'inia hangani, kampuni yote inaitumia, ile elfu mbili yangu hakuna mtu amewahi kuitaja.