"Marejeo utaweka mwisho", huo ushauri ulinitesa

Kuna ushauri wanafunzi wanapeana sana hosteli, eti andika kwanza, marejeo utaweka mwisho. Mi niliupata mwaka wa tatu naandika risachi, nikaufuata, na nasema wazi usiufuate.

Sura ya pili niliimaliza kwa raha tu, nanukuu huku na huku. Kuja kupanga marejeo nina nukuu kama thelathini hazina namba ya ukurasa, nyingine sijui hata zimetoka kitabu gani maana vitabu nilisharudisha laibrari, na zile kopi za stesheneri zilizonila kama elfu nane zilikuwa kurasa za katikati tu, hamna jalada, hamna mwaka. Siku nne natafuta. Moja sikuipata kabisa, nikaifuta na aya yake yote, na ilikuwa aya nzuri kweli, iliniuma.

Halafu ikaja ya Nyerere. Nilikuwa nimeandika (Nyerere, 1967) kwenye Elimu ya Kujitegemea, supavaiza akaniuliza, "Hii umeisoma mwenyewe?" Nikamwambia ukweli, hapana mwalimu, niliikuta kwenye kitabu cha mtu mwingine. Akasema basi andika hivyo, Nyerere kama alivyonukuliwa na fulani, na kule mwisho unamworodhesha huyo fulani uliyemsoma. Mi sikuridhika, nikarudi laibrari nikamwomba dada wa kaunta, akanitolea kijitabu chenyewe, chembamba tu, nikakaa nacho mchana mzima. Kumbe yule mwandishi alikata sentensi katikati, na maneno aliyoyaacha ndo yanabeba hoja yangu kuliko aliyoyachukua! Siku hiyo nilitoka najisikia mtafiti kweli.

Toka hapo nikishika kitabu, kabla ya yote napiga picha jalada kwa simu, kisha ule ukurasa wa ndani wenye mwaka na mchapishaji, ndo nakuja kurasa ninazozitaka. Kwenye galari zinakaa zimefuatana, huwezi kupotea. Kopi nazo naandika juu kwa peni, jina na mwaka, palepale stesheneri kabla sijaondoka.

Sisi tulitumia APA, mtindo mmojawapo wa kuandika marejeo, toleo la 7, la 2019. Humo mji wa mchapishaji hauandikwi tena, na waandishi wakiwa watatu kwenda juu ndani ya maandishi unamtaja wa kwanza tu kisha unaandika "na wenzake", tangu mara ya kwanza. Waliozoea la 6 watakubishia, we fuata mwongozo wa idara yako. Na kubadilisha maneno mawili matatu siyo kuandika kwa maneno yako jamani, funga kitabu, andika ulichoelewa, ndo ufungue ulinganishe, na hata hapo jina la mwenye wazo linabaki.

Siku ya kuwasilisha mmoja wa paneli akauliza ile nukuu ya Nyerere iko ukurasa wa ngapi. Nikamtajia, nikatoa simu nikamwonesha ukurasa wenyewe.