Siku moja kibandani kwangu, Kisumu

Saa mbili kasoro asubuhi nafungua kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, Mtaa wa Oginga Odinga, ghorofa ya kwanza. Nafagia, naagiza chai na mandazi mawili. Hadi saa nne ni kazi za kila siku: kupuliza vumbi, kubadilisha kibodi iliyomwagikiwa soda, kumrudishia mama mmoja picha alizodhani zimepotea. Zilikuwa kwenye kapu la taka la kompyuta yake mwenyewe.

Saa nne na nusu akaingia kijana anayepiga video za harusi. Mchana anahariri, usiku anacheza gemu. Kwapani amebana kompyuta ya mtumba, Dell OptiPlex 7010 ile ndogo, na mkononi, imefungwa kwa leso, kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, RTX 3060 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12 aliyoipata mtandaoni.

"Fundi, ni kuchomeka tu. Dakika kumi."

Nikafungua kifuniko. Kuiweka kadi hiyo juu ya kisanduku kile ni kama kumpima mtoto kiatu cha babake. Bati lake la nyuma, lile linaloifunga kwenye kisanduku, ni la urefu kamili, kisanduku kinakubali nusu. Nikageuza risiti nikamwandikia: pawa saplai, inayolisha mashine umeme, wati 240; kadi peke yake 170; prosesa, ubongo wa kompyuta yake, i5-3470, 77. Hapo ni 247, na hatujagusa diski wala feni. Waya wa pini nane wa kulisha kadi nao haumo. Nvidia wenyewe, waliobuni kadi, wanashauri pawa saplai ya 550.

"Kwa hivyo nimepigwa?"

"Hujapigwa, kaka. Kadi ni nzuri, nyumba ndiyo ndogo."

Hakuamini. Kuna fundi aliyemwambia bati linakatwa. Akampigia binamu yake Nairobi, sauti nje, wateja wawili wakisikiliza. Binamu akasema abadilishe achukue RTX 4060, inakula wati 115 tu. Ni kweli, na kwa gemu ina kasi zaidi. Lakini kumbukumbu yake ni gigabaiti 8, na mtu anayerekebisha rangi za video za 4K, zile za picha kali sana, kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve atazitafuta zile nne zilizopungua. "Basi nipe kitu kitakachoingia humu humu." Ipo kadi ya GTX 1650 fupi, inaishi kwa wati 75 za sloti, tundu inamochomekwa, haihitaji waya. Gigabaiti 4. Gemu utacheza, lakini harusi ya 4K itakuliza.

Nikamshauri auze kisanduku, abaki na kadi, atafute kisanduku kikubwa cha kusimama na prosesa ya juzijuzi. Wale wateja wawili walikuwa wameshaondoka.

Kadi nikaijaribu kwenye mashine yangu ya mezani. Feni zikazunguka, picha ikatokea, stima ikapotea. Tukakaa gizani na joto lile la Kisumu, yeye akitaka nimhakikishie kwamba kadi haijaungua. Sijui tulingoja muda gani. Nilikula chapati nikiwa nimesimama. Stima iliporudi, kadi ikawaka.

"Nikulipe ngapi?"

"Mia mbili."

"Mia mbili, na hujafunga hata skrubu?"

Nilikuwa nimezifunga sita, za kisanduku chake. Akalipa mia.

Jioni ilipita kwa laptopu tatu na printa moja iliyonichosha mgongo. Nikiwa ndani ya matatu ya kwenda Kondele, simu ikalia. Ujumbe wake: "Fundi, hiyo 240 haiwezi kuongezwa kidogo?"