Kiraka kinachojitangaza

Leo jioni tumetoa toleo jipya la ile maktaba (msimbo ambao programu nyingine huazima) ya kufungua faili za zipu ninayosaidia kuitunza, na tangazo la udhaifu wa kiusalama limetoka pamoja nalo. Sasa naweza kuandika.

Udhaifu wenyewe si mgeni. Tangu 2018 watu huuita Zip Slip, ingawa hila yake ilijulikana zamani kabla ya hapo. Ndani ya zipu kila faili hubeba jina lake, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika jina linaloanza kwa nukta mbili na mkwaju (../), kisha nukta mbili na mkwaju tena: panda folda moja, panda nyingine. Maktaba isiyokagua huliunganisha jina hilo na folda uliyochagua, na faili inatua nje kabisa, pengine juu ya mipangilio ya seva. Wenye lugha ya programu ya Python walionywa kuhusu jambo hili kwenye faili za tar, ndugu wa zipu, mwaka 2007. Kichujio cha kulizuia kilikuja 2023. Miaka yote hiyo nyaraka zilimwambia tu mtumiaji asifungue faili asizoziamini. Kwangu hiyo ni kumlaumu mpangaji kwa kitasa kibovu.

Kwetu ukaguzi ulikuwepo, tena wa siku nyingi kuliko mimi. Ulilinganisha herufi: folda uliyochagua ikiwa /data/mizigo, njia kamili ya faili inaanza hivyo? Basi pita. Aliyetuandikia kwa siri alituonyesha kwamba /data/mizigo-siri nayo inaanza vivyo hivyo. Kuongeza mkwaju mmoja mwishoni kunatibu hilo. Kilichonikesha ni viungo: zipu inaweza kutanguliza kiungo kinachoelekea folda nyingine, halafu ikaleta faili inayopitia humo, yenye jina safi lisilo na nukta hata moja. Ukikagua majina tu, huoni kitu. Ni lazima uifuate njia hadi mwisho wake halisi, tena kabla tu ya kuandika kila faili, maana folda ya dakika iliyopita huenda si ya sasa.

Lakini msimbo haukuwa kazi ngumu kuliko kukaa kimya. Programu yetu ni huria, kila badiliko husomwa na yeyote. Ukiweka kiraka, yaani msimbo wa kuziba tundu, hadharani leo na toleo litoke wiki ijayo, umempa mdukuzi wiki nzima na ramani juu. Kwa hiyo tulifanya kazi faraghani, tukaandaa kiraka cha toleo la zamani pia, na tukakubaliana kutomwambia mtu yeyote hadi siku yenyewe.

Yeyote, pamoja na Mwalimu. Anasimamia maabara ya kompyuta ya shule moja upande wa Maseno, na wanafunzi wake hupakia kazi zao kwa zipu kwenye seva inayotumia maktaba yetu. Alikuja Kisumu katikati ya kimya hicho, tukanywa chai karibu na stendi, akanisifia jinsi mtambo wake usivyomsumbua. “Kijana wangu, kikifanya kazi usikiguse.” Nikacheka naye. Nilijua mwanafunzi mmoja mtundu angeweza kuandika faili popote kwenye ile seva.

Wenzangu wanasema kanuni ni kanuni: ukimwambia mmoja, huna sababu ya kumnyima wa pili. Nakubali. Hata hivyo nililisukuma toleo la zamani lipate kiraka kwa sababu yake, wakati wengine waliona tuwaambie watu wahamie jipya tu. Mashine yake haiwezi kuendesha jipya, na bajeti ya shule haijui habari za matoleo.

Mara tu tangazo lilipotoka nilimpigia.

“Mwalimu, shikamoo. Kuna kitu inabidi ukiguse leo.”

Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Siku ile ya chai ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua, Mwalimu.”

Akaguna. Halafu akataka kujua kama azime seva sasa hivi au asubiri vijana wa prepu watoke maabara. Nikamwambia azime sasa.