Shilingi Iliyolala Chini ya Kasha

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nzima nimeng'ang'ana na Luka 15, wala si kwa mwana mpotevu tuliyemzoea, bali kwa yule mama mwenye shilingi kumi, aliyepoteza moja akawasha taa na kufagia nyumba mpaka akaiona.

Kwa Kigiriki ni drakma, sarafu ya fedha, karibu ujira wa kibarua wa siku moja. Haikupotelea sokoni. Ilipotelea ndani.

Wazoefu wa kusaka sarafu za kale wanaijua kazi ya ile taa. Tochi ukiishika juu, sakafu yote inafanana. Ilaze chini, mwanga upite ubavuni, na sarafu iliyozama ufani itatoa kivuli. Taka nazo zichekeche kabla ya kuzimwaga, maana senti nyingi hutoka nyumbani ndani ya kizoleo.

Haya, umeipata. Chini ya kasha la bibi kuna shilingi ya mkoloni ya 1924: upande huu mfalme, upande ule simba. Ni robo tu ya fedha, sehemu kubwa ni shaba, ndiyo maana imeota ukijani. Hapa wengi huharibu. Huchukua limau au majivu na mchanga, wakasugua mpaka ing'ae. Limau huila shaba na kuiachia wekundu usio wake. Mchanga huikwaruza, sura ya mfalme ikafutika, na mnunuzi hairudii tena. Iloweke kwenye maji safi yenye tone la sabuni, uyabadilishe yakichafuka, kisha ikandamize kwa kitambaa cha pamba bila kusugua. Itunze kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki laini huirudishia ukijani.

Kanisa, sisi tumewasugua watu! Dada anarudi baada ya miaka sita, hata hajakaa tunamhoji alikuwa wapi, mtoto ni wa nani, mara tunamsimamisha mbele aungame kwenye kipaza sauti. Eti utakaso. Sura iliyo juu yake ameigonga Mungu mwenyewe, nasi tunaipitishia mchanga wetu. Wengine hawarudi mara ya pili, halafu tunasema wamepoa.

Yule mama, Luka hasemi hata kama aliipangusa vumbi. Aliita majirani.

Basi akiingia Jumapili hii, mpeni kiti, mpeni na chai. Kikao cha wazee kingoje.